FUNDI WA NYUMBANI: Waya wa redio katika parseli ndogo



Mwanafunzi mmoja wa Kakontwe, katika mji wa Likasi, ametuandikia barua ndefu yenye maswali mazuri. Tumeonelea yafaa kumjibu kwa urefu, kwa kuwa jambo lenyewe lawahusu wengi: wale wanaosema kwa redio za mawimbi mafupi nyumbani kwao, wale wanaotunza redio ya foni katika parokia za porini, na wanafunzi wanaouliza kila siku hesabu ya darasani ina kazi gani.

Kijana huyo aeleza hivi. Baba yake anayo ruhusa ya serikali ya kurusha sauti hewani, na jina lake la redio huanza kwa 9Q, alama ya nchi yetu. (Katika miaka ya ukoloni ilikuwa OQ5.) Kaka yake mkubwa anafanya kazi Kamina, naye anayo ruhusa kama hiyo. Kila Jumapili jioni baba na mwana hutafutana katika mawimbi ya mita 80. Wakati wa kiangazi walisikilizana vema. Lakini tangu mvua kuanza, watu wa Lubumbashi humsikia baba kwa shida, na Kamina haimsikii kabisa. Sauti ya kaka nayo huja kama ya mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Mama huketi karibu na mtambo akingoja, kisha huinuka na kwenda jikoni bila neno.

Mafundi wa mtaani wamesema kosa ni la parseli. Upana wake ni mita 15 na urefu wake mita 20. Waya unaotakiwa wapata mita 39. Basi wamemshauri baba aupitishe waya juu ya uwanja wa jirani. Jirani amekataa. Tena analalamika kwamba spika yake huunguruma kila baba asemapo hewani. Sasa watu wawili waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi hawasemeshani.

Kijana auliza mambo matatu. Je, parseli ndogo yatosha? Kosa liko wapi, iwapo mita ya antena yaonyesha kwamba kila kitu ni kizuri? Na wafanye nini na jirani?

Jibu letu fupi ni hili: parseli yatosha, mita inamdanganya baba, na jirani ana haki. Sasa tueleze moja baada ya jingine.

*Sauti hupanda, kisha hushuka*

Watu wengi hudhani kwamba antena haifai mpaka iwe juu kama mnara wa kanisa. Kwa mtu anayetaka kuzungumza na Japani au Marekani katika mawimbi haya marefu, wana haki. Lakini Kamina si Japani. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi, kwa mstari ulionyooka, ni kilometa 110 hivi. Hadi Kamina zapita kidogo 300. Kwa safari kama hizo, sauti haitambai juu ya ardhi ikipenya vilima na misitu ya miombo. Hupanda karibu wima mbinguni, ikagonga tabaka la hewa nyembamba lililojaa chembe za umeme, kwenye kilometa 250 au 300 juu yetu, ndipo ikarudishwa chini kama mpira uliotupwa darini. Wataalamu huliita tabaka hilo ionosfia. Jua ndilo linalolitengeneza kila siku.

Na waya upi unaorusha sauti yake kwenda juu moja kwa moja? Ni ule uliolala, tena usio juu sana! Mawimbi ya mita 80 yakirushwa na waya ulioinuliwa mita 8 tu, sehemu kubwa ya nguvu huelekea mbinguni. Hivyo ufupi wa mlingoti, ambao mafundi wa mtaani wanauonea haya, kwa kazi ya baba huyu ni msaada.

Lakini saa nazo zina maana. Mchana huwapo tabaka jingine, chini zaidi, kati ya kilometa 60 na 90, linaloyanyonya mawimbi ya mita 80 kama mchanga unyonyavyo maji. Jua likichwa, tabaka hilo hutoweka. Kwa hiyo kwa mazungumzo ya mchana yafaa kutumia mawimbi ya mita 40, na jioni na usiku yale ya mita 80. Asiyejua jambo hili huweza kushinda saa 6 mchana akiivunja na kuiunga antena isiyo na kosa lolote.

Wengine watauliza: kwa nini asisimamishe fimbo moja ya chuma, isiyohitaji nafasi? Kwa sababu mbili. Kwanza, fimbo iliyosimama hairushi sauti wima juu. Huirusha pembeni, mbali, na Kamina hurukwa. Pili, fimbo ya namna hiyo hutaka ardhi nzuri chini yake, au nyaya nyingi zilizotandazwa chini kama miale ya jua. Na Kakontwe ni nchi ya mawe. Wachunguzi wa miamba wamelitumia jina la Kakontwe kulitaja tabaka zima la mawe ya chokaa la Katanga. Mawe makavu hayapitishi umeme vema. Basi, waya uliolala ndio chaguo letu.

*Hesabu ya waya*

Sasa, wanafunzi, chukueni kalamu. Wimbi la redio hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Ukitaka urefu wa wimbi kwa mita, gawanya 300 kwa megahezi. Katikati ya mawimbi ya mita 80 kuna megahezi 3.65; 300 ukigawanya kwa 3.65 wapata mita 82. Antena yetu ni nusu ya wimbi, yaani mita 41. Lakini waya wa kweli huwa mfupi kuliko hesabu ya karatasi kwa sehemu 5 katika 100 hivi. Zabaki mita 39. Hiyo ni miguu miwili, kila mmoja mita 19 na nusu, na kebo ya kwenda kwenye mtambo hufungwa katikati.

Parseli yetu ni mita 15 kwa 20. Je, kutoka pembe hadi pembe ni mita ngapi? Kanuni ya Pythagoras yasema: 15 mara 15 ni 225, 20 mara 20 ni 400, jumla 625, na kipeo chake ni 25. Kumbe tunazo mita 25, si 20. Mafundi walipima ukuta, hawakupima pembe.

Tuendelee. Tusimamishe mlingoti wa mita 8 karibu na katikati ya parseli, umefungwa imara kwenye ukuta wa nyumba. Katika pembe mbili zinazokabiliana tusimike nguzo za mita 3. Kila mguu wa waya washuka kutoka mita 8 hadi mita 3, yaani mita 5, nao wasogea mita 12 kwenda pembeni. Mita 5 kushuka na mita 12 kwenda mbele: 25 na 144 ni 169, na kipeo chake ni 13. Basi mita 13 za kila mguu zimeishia kwenye nguzo ya pembeni, na miguu yote miwili imetumia mita 24 tu za parseli. Zimebaki mita 6 na nusu kila upande. Hizo pinda, uzipitishe ndani ya uzio wako, juu ya nguzo nyingine ndogo za mita 3 vilevile. Waya wote umeingia, na jirani hakuombwa hata shubiri moja.

Je, kupinda hakuharibu? Huharibu kidogo sana, nayo sababu yafaa kukumbukwa. Katika antena ya namna hii, mkondo wa umeme ni mkubwa katikati na hupungua hadi kuisha kwenye ncha. Katikati ndipo sauti itokapo. Kwa hiyo acha katikati pawe juu na pamenyooka. Ncha waweza kuzipinda kama nafasi ilivyo. Mlingoti usipokuwa katikati kabisa, mguu mmoja utapindwa zaidi kuliko mwenzake, nalo si kosa kubwa.

Pembe mbili zilizobaki nazo zisikae bure. Funga hapo hapo juu, kwenye kebo ile ile, miguu mingine miwili ya mita 10 kila mmoja, uielekeze kwenye pembe hizo. Hiyo ni antena ya mawimbi ya mita 40 kwa mazungumzo ya mchana. Kebo moja yalisha antena mbili, na kila wimbi huchagua miguu yake lenyewe.

*Namna ya kujenga*

Waya wa shaba wa kutandazia umeme nyumbani, wa milimeta za mraba 1.5 au 2.5, wafaa sana. Ngozi yake ya plastiki isiondolewe. Kata kila mguu mita 20 na nusu, wala si 19 na nusu. Maana waya mrefu hupunguzwa, lakini mfupi huungwa, na kila kiungo ni mlango wa ugonjwa.

Kwenye ncha funga vihami, yaani vitu visivyopitisha umeme: kipande cha bomba la plastiki kilichotobolewa matundu mawili, au shingo ya chupa nene. Kamba iwe ya nailoni. Kama waya umefungwa kwenye mwembe, usiukaze. Mti huyumba na upepo, nao waya utakatika. Pitisha kamba kwenye kapi, ukaning'inize tofali upande wa pili. Mti ukiyumba, tofali hupanda na kushuka, na waya hubaki salama.

Kebo ni ile ya koaksi: waya wa katikati, plastiki nyeupe, wavu wa shaba, kisha ngozi nyeusi. Hata ile ya antena ya televisheni yaweza kutumika kwa mtambo wa nguvu ndogo. Mguu mmoja huungwa na waya wa katikati, mwingine na wavu. Viungo vyote vilehemiwe. Kusokota kwa mkono hakutoshi: leo shaba yang'aa, mwakani imekuwa ya kijani, na umeme haupiti tena.

Kabla ya kushuka, chini tu ya kiungo cha juu, zungusha mita 6 za kebo hiyo hiyo iwe kama kata ya kubebea mtungi, mizunguko 7 au 8, ukaifunge kwa kamba. Kata hii huzuia umeme wa antena usirudi chini juu ya ngozi ya kebo na kuingia nyumbani. Tutaikumbuka tutakapofika kwa jirani.

Mwisho, kiungo cha juu kifunikwe kisipate maji. Kata utepe kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, uuzungushe ukiuvuta kwa nguvu kuanzia chini kwenda juu, kama mabati yanavyopandana, kisha funika kwa utepe mweusi wa umeme. Na kebo inapofika dirishani, iache ining'inie chini ya tundu kwanza, ndipo ipande na kuingia. Maji yatadondokea nje wala hayataifuata hadi kwenye mtambo.

Sasa pima. Ikiwa mita yaonyesha kwamba antena yapendeza chini, tuseme kwenye megahezi 3.50, nawe wataka 3.65, waya ni mrefu. Kunja ncha zote mbili sawasawa. Sentimita 10 kila ncha huinua masafa kwa kilohezi 19 hivi. Usikate kwanza, kunja, usokote juu ya waya wenyewe, upime. Ukiridhika, ndipo ukate. Ikiwa yapendeza juu kuliko utakavyo, waya ni mfupi, nawe utashukuru kwamba hukukata.

*Mita inayosifu mno*

Tumefika kwenye kosa lenyewe. Kijana ameandika kwamba mita ya baba, ile inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi kutoka antena, haizidi 1.5 kuanzia megahezi 3.5 hadi 3.8. Baba afurahi kwa hilo. Sisi tulipolisoma, ndipo tulipojua ugonjwa uliko.

Antena ya waya ya mita 80 iliyo nzima haiwezi kuwa nzuri kila mahali. Huwa na mahali pake pamoja: pengine 1.5 au chini katikati, na kupita 3 kwenye miisho. Ikiwa yapendeza kote kote, tena watu hawakusikii, basi kuna kitu kati ya mtambo na antena kinachokula nguvu yote. Nguvu hairudi, si kwa sababu imekwenda hewani, bali kwa sababu imeliwa njiani ikawa joto. Kamba iliyooza hainung'uniki ukiipa mzigo, hukatika tu.

Mwivi huyo mara nyingi ni maji ndani ya kebo. Na barua imesema wazi: shida ilianza na mvua. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya kebo iliyokunywa maji ni sifa za mita.

Jaribio ni rahisi. Shusha antena. Fungua kebo juu, uache ncha yake wazi bila kufungwa na chochote. Chukua mita ya kupimia umeme, upime kati ya waya wa katikati na wavu. Isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha njia, hata ya maelfu mengi ya omu, kebo imelowa. Kisha unganisha waya wa katikati na wavu juu, upime chini: iwe karibu na sifuri. Kama sivyo, kebo imekatika ndani.

Liko na jaribio la pili. Ncha ya juu ikiwa bado wazi, washa mtambo kwa nguvu ndogo kabisa, kwa sekunde mbili tu. Kebo nzima ikiwa haina antena hurudisha nguvu yote, na mshale wa mita hupanda hadi mwisho. Ikiwa mita bado yasifu, ilhali hakuna antena kabisa, basi huhitaji shahidi mwingine. Chambua ngozi nyeusi kwa kisu: wavu uliokuwa wa rangi ya shaba utauona mweusi au wa kijani. Kebo hiyo haikaushwi wala haitibiwi. Itupwe, nyingine ifungwe kwa utepe wa baiskeli kama tulivyosema.

Magonjwa mengine nayo yana dalili zake. Mshale ukicheza upepo uvumapo, kuna kiungo kilicholegea. Mshale ukihama mvua inaponyesha na kurudi jua likiwaka, ncha ya waya yagusa majani, au kihami kimechafuka. Mita ikionyesha ubaya mkubwa kote kote, waya au kebo imekatika. Kipaza sauti kikiuma midomo unaposema, umeme warudi juu ya kebo, na kata ya mizunguko haipo au haitoshi.

Na kama wewe ndiwe usiyesikia, kwa sababu ya mngurumo usiokoma? Zima umeme wa nyumba yote, usikilize kwa redio ndogo ya betri. Ukimya ukija, adui yumo ndani. Washa kitu kimoja kimoja. Mara nyingi utakuta chaja ya simu ya bei ndogo, taa za LED, au kifaa cha sola. Mngurumo ukiwa haujakoma, nao hutulia mvua inyeshapo, shuku vihami vichafu au vilivyolegea kwenye nguzo za umeme barabarani. Hapo usiguse wala usipande; wapelekee habari watu wa SNEL. Mpasuko wa radi za masika nao hausemeshwi: ngoja mvua ipite.

Katika kazi hii yote shika kanuni mbili. Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike katika daftari: tarehe, hali ya hewa, namba za mita kwenye masafa matano. Anayebadili mambo matatu kwa pamoja, antena ikipona hajui dawa ilikuwa ipi. Ikizidi kuugua, hajui sumu ilikuwa ipi.

*Jirani, umeme na radi*

Jirani ana haki ya kukataa waya juu ya uwanja wake, na hesabu yetu imeonyesha kwamba hauhitajiki. Ana haki pia ya kusikiliza spika yake kwa amani. Baba na aende kwake kwanza, wala asingoje kuitwa. Amwombe saa moja ya jioni: mmoja asimame kwenye mtambo, mwingine kwenye spika. Wajaribu bila kata ya mizunguko, kisha wajaribu nayo. Wajaribu kwa nguvu kamili, kisha kwa nusu. Wazungushe waya wa spika nao kwa namna hiyo hiyo. Mara nyingi mngurumo hupungua hata ukasahauliwa. Usipoisha, wapatane saa za kusema. Sauti ifikayo Kamina lakini ikavunja ujirani wa Kakontwe imegharimu mno.

Sasa jambo la kufa na kupona. Mlingoti ukianguka, usiweze kugusa waya wowote wa umeme. Pima umbali kutoka mlingoti hadi waya wa umeme ulio karibu: upite urefu wa mlingoti mara moja na nusu. Kwa mlingoti wa mita 8, hiyo ni mita 12. Kama nafasi hiyo haipo, punguza mlingoti. Antena ya mita 6 bado itafika Kamina. Usitupe kamba wala waya juu ya nyaya za umeme kwa sababu yoyote. Usisimamishe mlingoti peke yako, wala wakati wa upepo. Mtu aliyeshika bomba la chuma lililogusa waya wa barabarani hapati nafasi ya kujifunza.

Kwenye ncha za antena mkondo ni mdogo, lakini msukumo wa umeme ni mkubwa, nao huunguza ngozi. Ndiyo maana tumetaka nguzo za mita 3. Watoto wasifikie, na nguo zisianikwe hapo.

Katanga yajua radi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, kila umalizapo kusema, chomoa kebo kwenye mtambo na uitoe nje ya dirisha. Usingoje ngurumo. Nje, wavu wa kebo uungwe na waya wa ardhi. Kwa kuwa huko Kakontwe mwamba huzuia fimbo ndefu, chimba mifereji miwili au mitatu ya nusu mita kwenda chini, ulaze humo nyaya nene za shaba zilizounganishwa pamoja. Hii hupunguza hatari, haiondoi. Hakuna waya wa nyumbani uwezao kuihimili radi ipigayo moja kwa moja.

Neno moja zaidi, juu ya waya wenyewe. Likasi ni mji wa shaba. Huko Shituru kiwanda cha kuisafisha kwa umeme kilianza kazi mwaka 1929. Hata hivyo waya wa dukani ni ghali, na huja watu usiku na waya wa bei ya ajabu. Usiuguse. Waya huo umeng'olewa mahali: kwenye nguzo za umeme, kwenye reli, pengine kwenye mashine iliyosukuma maji ya hospitali. Anayeununua amelipa ujira wa mwivi. Ni heri waya mwembamba ulionunuliwa kwa haki. Kwa nguvu ndogo za redio ya nyumbani, waya wa milimeta za mraba 1.5 hukosa kidogo tu ikilinganishwa na ule mnene.

*Kusikiwa ndiko kazi*

Zamani, kati ya mwaka 1911 na 1913, simu isiyo na waya ilijengwa kuvuka Kongo nzima, kutoka Banana baharini hadi Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Ilikuwa kazi ya ufalme, yenye milingoti mikubwa na fedha nyingi. Leo baba wa Kakontwe, kwa waya wa dukani, mabomba ya plastiki na mpira wa baiskeli, aweza kufikisha sauti yake Kamina kutoka uwanja ambao watoto huuvuka kwa hatua 20. Na simu za mkononi zikizimika, kama zizimikavyo mara nyingi katika vijiji vya mbali, foni ya parokia iliyofungwa kwa utaratibu huu huendelea kuita msaada kwa mama mgonjwa. Hesabu yake ni hiyo hiyo. Badili megahezi tu, ushike masafa uliyopewa na serikali.

Basi, kijana, mweleze baba hivi: asipanue parseli, asinunue mtambo mkubwa zaidi. Ashushe kebo na kuipima. Tena asiitazame mita kama hakimu. Kazi ya mita ni kueleza kinachorudi; haijui kabisa kama mtu wa Kamina amesikia. Shahidi wa antena ni yule aliye upande wa pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa nyumba yenu, kwa kadiri tuonavyo, una upana wa kidole, huko juu kwenye mlingoti, mahali maji yalipoingilia.

Ukimaliza tuandikie tena, ututumie na ukurasa wa daftari wenye namba za mita kabla na baada ya kazi. Na Jumapili hiyo jioni, mwite mama aketi karibu na mtambo.

Fundi wa Nyumbani